Maji Mlangoni pa Jirani

Asubuhi ya siku ambayo Zein alikuwa aende Hayes kwa shangazi yake kumposa, Mwende alirudi kutoka kazini akakuta maji mlangoni tena.

Alisimama kwenye kona ya mtaa, mkoba begani, nyayo zikimuwaka kwa usiku mzima wa kuhudumia wazee wa watu, akayatazama. Hayakuwa dimbwi wala mkondo. Yalikuwa matone mapana yaliyotandazwa juu ya njia ya miguu na mkono unaoijua kazi yake, kuanzia kizingiti cha Zein, nambari kumi na nne, yakipita mbele ya vyungu vyote, hadi kwenye mpaka wa nambari kumi na sita. Hapo yalivuka hatua moja, yakakoma. Kumi na sita ndiko alikokaa Mwende. Ilikuwa yapata saa mbili na nusu, na Zein alikuwa ameondoka saa kumi alfajiri kwenda kuendesha basi lake. Maji ya saa kumi yangekuwa yamekauka kitambo.

Mwende aliyaruka kama alivyozoea kuyaruka, akaingia ndani bila kugeuka.

Wiki mbili nyuma alikuwa amepiga moyo konde akamuuliza Mama Lila wa nambari kumi na mbili kama ni yeye anayemwaga. Mama Lila, mzaliwa wa Kisumu aliyezeekea Kilburn, alimwonyesha magoti yake mawili na kumuuliza kama haya ni magoti ya kuinama na ndoo. Kisha akajifunika kichwa kwa ncha ya sari yake na kuanza kuzungumzia bei ya bamia. Mwende hakuuliza tena. Wala hakuwahi kumuuliza Zein mwenyewe, kwa sababu aliogopa jibu.

Mtaa wao ni mfupi, nyuma ya barabara kuu ya Kilburn, Landani, nyumba za matofali zilizobanana, kila moja imegawanywa vyumba vya kupangisha. Hakuna mwenye ua wala bustani. Lakini mbele ya nambari kumi na nne, ukutani, pale watu wanapopita, kulikuwa na vyungu thelathini na kimoja. Vingine vilikuwa vya udongo, vingine ni masanduku meupe ya kuwekea samaki yaliyoombwa dukani, birika zisizo na vifuniko, hata sufuria ya umeme ya kupikia wali iliyokatwa waya. Katikati yake zilipangwa chupa za maji za kufukuza paka. Watoto wa shule waliviinamia wakienda na wakirudi. Mpeleka barua alikuwa na chungu chake anachokisalimu, na mzee mmoja wa Ireland aliokota majani makavu kila akienda kununua gazeti, bila kuombwa na mtu. Hakuna aliyewahi kuiba hata jani.

Vyote vilikuwa vya Sachie, na Sachie alikuwa amekufa miaka mitatu iliyopita.

Mwende alizijua habari hizo kutoka kwa Zein mwenyewe, jioni za mwanzo walipoanza kuzoeana. Zein ni mtu wa Mombasa. Ujanani alikwenda Japani kufanya kazi kwenye yadi ya magari yaliyotumika, kuyakagua kabla hayajapakiwa melini kuja Kenya. Alipanga chumba mashariki ya Tokyo, kwenye mtaa mkongwe wa mafundi na wapiga chapa, nyumba za mbao, vichochoro ambavyo watu wawili wenye miavuli hawapishani. Huko nako hakuna mwenye ua, kwa hiyo watu hupanga bustani zao barabarani, mbele ya milango. Kila asubuhi wanawake hutoka na ndoo na kata ya mbao, wakamwaga maji mbele ya nyumba kutuliza vumbi. Na kumwaga kuna adabu yake. Unamwaga mbele yako, unavuka kwa jirani hatua moja. Usipovuka wewe ni mchoyo, na ukizidisha unamwambia jirani kuwa ni mvivu. Kumwagia mbele ya nyumba nzima isiyo yako ni kwa mtu mmoja tu, aliye wa nyumba yako. Sachie alikuwa binti wa nyumba ya tatu, na Zein alimpenda siku aliyomlowanisha suruali kwa kata yake. Walipohamia Landani, Sachie alikuja na mtaa wake mzima moyoni, akaupanga Kilburn, chungu kwa chungu.

Mwende aliingia katika mambo haya kwa mlango wa nyuma. Zein alimwomba amnyweshee vyungu wiki moja, alipokwenda kumwona mama yake Mombasa. Wiki ikazaa chai, chai ikazaa matembezi, na matembezi yakazaa yale macho ambayo mtu akikutazama nayo unasahau ulikuwa unasema nini. Mwende alimpenda. Alimpenda kwa upole wake, kwa namna alivyozima redio ili amsikilize, na kwa mikono yake mikubwa iliyoshika vimea vidogo bila kuvivunja. Kilichomkata maini ni kwamba mikono hiyo, kila asubuhi, ilianza na marehemu.

Shangazi yake, Anti Lydia wa Hayes, hakupindapinda maneno. Kwanza mwanamume mwenyewe dini nyingine. Halafu mgane. Na juu ya hayo vile vyungu.

"Mtu ameweka kaburi mlangoni, analinywesha maji kila siku," alimwambia kwenye simu. "Wewe utaingilia wapi, Mwende? Utapita juu yake?"

Lakini alikuwa amekubali kuwapokea leo, saa tisa. Na Mwende alikuwa ameshamwarifu mwenye nyumba wake kwamba anaondoka Jumatatu. Mambo yakienda sawa, mizigo yake ingehamia mlango wa pili. Yakiharibika, ingekwenda Hayes kwenye chumba cha nyuma cha Anti Lydia, na Kilburn ingebaki kuwa jina la kituo cha treni.

Msomaji, mambo yangeweza kwenda sawa kabisa kama si chungu kimoja.

Chungu hicho kilikaa peke yake nyuma ya bomba la maji ya mvua, na hakikuwa na kitu ndani ila udongo. Sachie alikipanda kwa mkono wake vuli ile ya mwisho, aliporuhusiwa kutoka hospitali siku tatu. Zein alipomuuliza amepanda nini, alimwambia asubiri tu. Basi Zein alisubiri. Alikinywesha kila siku ya Mungu, kiangazi na baridi, miaka mitatu, na hakikuota kitu.

Mwende ni binti wa Kitui. Kwao maji huchotwa mbali, na udongo uliolowa usio na mbegu ni aibu ya nyumba. Mwezi wa tano, Zein alipokwenda tena Mombasa, alikipita chungu kile siku nne akajizuia. Siku ya tano alikichimbua kwa kijiko. Humo ndani alikuta matunguu matano ya ua la aina asiyoijua, manne yameoza yakawa uji mweusi unaonuka, na moja dogo lililojificha upande wa bomba, bado gumu kama kitunguu cha sokoni. Alishtuka, lakini alikuwa ameshachimba. Lile zima alilitia kwenye kopo la majani ya chai lenye udongo mkavu, akaliweka dirishani kwake juu. Kisha kwenye chungu akapanda kunde nyekundu ambazo mama yake alimtumia ndani ya bahasha. Alikusudia Zein akirudi amweleze kila kitu, wacheke, yaishe.

Zein alirudi alfajiri ya siku ambayo kunde zilitoboa udongo. Mwende alishuka na maneno yake mdomoni, akamkuta amepiga magoti kwenye njia ya miguu, sanduku la safari bado liko kando, machozi yanamtiririka.

"Amejibu," Zein alimwambia. "Mwende, amejibu."

Maneno yakamkauka. Wiki moja baadaye Zein alimshika mikono, akamwambia kuwa siku zote alikuwa anangoja dalili kwamba Sachie ameridhia, na sasa ameipata. Akamwomba amuoe. Mwende aliitikia huku analia, na Zein akadhani ni furaha tupu.

Tangu siku hiyo, kunde zile zilitunzwa kuliko kunde zozote chini ya jua. Jua lenyewe mwaka huu halikuwa la mzaha. Zilipanda bomba, zikafika dirisha la kwanza, zikatoa maua, kisha maganda membamba. Zein ni mtoto wa mjini, kunde alizijua zikiwa zimeungwa nazi. Kila jioni alisimama pale akizisimulia habari za siku yake. Mwende aliyasikia mazungumzo hayo kupitia dirishani, akaziba masikio kwa mto.

*

Saa saba mchana Riyadh, kaka mkubwa wa Zein, aliegesha gari lake mbele ya nambari kumi na nne. Alikuwa amevaa kanzu na koti, kikapu cha halwa mkononi. Naye hakuwa ameipenda posa hii tangu mwanzo, lakini kaka ni kaka. Zein alikuwa ametoka kazini saa tano, ameoga, amevaa suti ya kijivu iliyombana kidogo mabegani. Mwende alishuka na gauni la buluu. Zein alimtazama, akasahau kufunga kitufe cha mkono, na kwa dakika nzima dunia ilikuwa nzuri.

"Shemeji, umependeza," Riyadh alisema, na alikuwa anasema kweli. Kisha akageukia ukuta. "Na wewe Zein, tangu lini wapanda kunde?"

Zein alicheka. "Kunde gani?"

"Hizi, ndugu yangu. Zilizopanda bomba." Riyadh ana duka la mboga Luton, miaka kumi na minane sasa. Alinyoosha mkono akachuma ganda moja, akalipasua kwa kucha, akamwaga punje kiganjani. "Tazama. Kunde nyekundu za Ukambani. Mimi hizi naziagiza kwa magunia."

Zein alizitazama punje zile. Halafu akainua macho, na macho hayakwenda kwa kaka yake.

"Mwende."

"Zein, ngoja nikueleze."

"Ni wewe?"

"Ni mimi."

Riyadh, ambaye si mjinga, aliweka halwa juu ya kizingiti na kurudi garini akafunga vioo.

"Nilikuwa nasimama hapa kila siku," Zein alisema. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi. "Naongea. Namweleza mke wangu nimeshinda vipi. Wewe uko juu hapo wanisikia, na wajua naongea na kunde."

"Nilishuka asubuhi ile kukwambia. Nikakukuta unalia, unasema amejibu. Mtu angefungulia mdomo wapi?"

"Popote. Siku ya pili. Ya tatu. Miezi minne, Mwende."

"Na ungenioa?"

Basi lilipita kwenye barabara kuu, wakalisikia wote wawili.

"Nakuuliza, Zein. Kunde zisingeota, ungeniomba unioe? Ama ningekuwa bado jirani wa kukunyweshea maua ukisafiri?"

Mwende alimngoja. Alimngoja mpaka akajua kwamba kule kungoja ndiko jibu lenyewe, na hapo ndipo hasira ya miaka miwili ilipomshinda.

"Basi nikwambie na lingine. Alichopanda Sachie sikukiua mimi. Nilikikuta kimeoza. Kilikuwa maji matupu mle ndani, kinanuka. Kilikuwa kitu cha kuachwa kikavu, na wewe ulikinywesha miaka mitatu mpaka kikaoza. Ulikizamisha mwenyewe kwa mkono wako."

Alipoyasikia maneno yake mwenyewe alitamani ayarudishe. Zein aliketi juu ya kizingiti, karibu na halwa. Aliitazama mikono yake.

"Mwambie Riyadh arudi kwake," akasema hatimaye. "Siendi Hayes leo."

Akainuka, akaingia ndani, akafunga mlango taratibu.

*

Riyadh alikataa kurudi. Alisema ametoka Luton na kanzu iliyopigwa pasi, hataondoka mpaka aone mwisho wake, akabaki garini na chupa yake ya chai. Mwende alipanda juu akampigia Anti Lydia. Anti hakushangilia, hilo tumpe haki yake. Alisema wali umeshaiva na chumba kiko wazi, aje tu.

Basi Mwende alianza kufungasha. Alikunja sare za kazi, akakunja leso za mama yake, akalia kidogo ndani ya taulo, akaendelea. Mwisho lilibaki dirisha. Alikuwa amefanya zamu za usiku tatu mfululizo, na siku zote tatu alilala mchana na pazia zito limefungwa. Alilivuta.

Kwenye kopo la majani ya chai lilisimama ua jekundu.

Halikuwa na jani hata moja. Shina tupu, la urefu wa mkono, limetoka kwenye udongo mkavu, na juu yake petali nyembamba zilizojikunja kurudi nyuma, na ndevu ndefu zilizochomoza pande zote. Siku tatu nyuma hapakuwa na kitu. Tangu mwezi wa tano Mwende hakuwahi kulitia tone la maji; kwanza kwa hatia, baadaye kwa kusahau. Lakini chumbani palinuka saruji iliyomwagiwa maji asubuhi. Nywele zilimsimama. Alihisi wazi kabisa kwamba kuna mtu amesimama nyuma yake, mtu mfupi, asiye na haraka, na kwamba akigeuka hatamwona.

Hakugeuka. Alikaa kitandani, akaliangalia ua mpaka moyo ukatulia, na moyo ulipotulia likamjia wazo baya. Zein alitaka dalili. Dalili hii hapa, nyekundu, ya kweli, kutoka kwa mkono wa Sachie mwenyewe. Angeishusha tu, aseme, tazama, na kabla ya saa tisa wangekuwa njiani kwenda Hayes. Angekuwa mke wa Zein. Na maisha yake yote angekuwa mke aliyeruhusiwa.

Alilichukua kopo kwa mikono miwili, akashuka nalo.

Zein alifungua mlango akiwa bado na suti. Alipoliona ua, damu ilimwondoka usoni. Alilitaja jina lake kwa Kijapani, pole pole, mara mbili. Mwende alipotaka kuingia alimzuia kwa kiganja.

"Usiliingize ndani. Hili haliingizwi nyumbani. Mama yake Sachie alikuwa hataki hata tulishike. Kule linachanua wiki hii hii moja, watu wanapokwenda kuzuru makaburi ya wafu wao. Linatoka uchi, bila majani. Ua likishakufa ndipo majani yaje, membamba, wakati wa baridi. Haviwahi kuonana."

Ghafla akageuka kutazama chungu cha nyuma ya bomba.

"Zile nyasi," akasema. "Kila baridi zilikuwa zikiota nyasi mle. Nilikuwa naziong'oa, Mwende. Nilidhani ni magugu."

Mwende alitaka kumkumbatia, akajizuia, kwa sababu alikuwa na la kusema na alijua akimgusa halitatoka.

"Lilibaki moja. Nililitoa nikaliweka kwangu. Nimekuletea kwa sababu ni lako. Lakini nisikilize kwanza kabla hujasema kitu. Usiniambie amejibu. Usiniambie ameridhia. Hii si ruhusa, Zein. Mimi nimefunga mizigo, naenda kwa Anti. Siwezi kuolewa na dalili."

Zein hakulipokea kopo. Alisimama akimtazama Mwende, si ua, na macho yake yalikuwa na uchovu wa mtu aliyesafiri mbali.

"Nikuulize jambo moja," akasema. "Asubuhi nikiwa kazini, yule anayemwaga maji hapa nje. Nikirudi nakuta pamelowa, mpaka kwako, hatua moja, sawasawa kama inavyotakiwa. Wewe ndiwe, si ndiyo? Niliona umejifunza kimya kimya kwa ajili yangu. Hata kabla ya kunde, Mwende. Wallahi nilikupenda kwa maji yale."

Mwende aliisikia baridi ikimpanda mgongoni. Kunyamaza tu kungetosha. Alikuwa amenyamaza miezi minne na akaweza.

"Si mimi," akasema. "Nilijilazimisha kuamini ni wewe."

Walisimama hivyo, ua katikati yao. Ng'ambo ya barabara mtu alifunga mlango wa gari. Zein aliitazama njia ya miguu, kavu sasa, kisha akamtazama tena mwanamke aliyekuwa mbele yake na gauni la buluu na macho yaliyovimba.

"Basi sina kitu," akasema. "Kunde si zake. Maji si yako. Hilo ua nalo umenikataza. Sina dalili hata moja iliyobaki."

"Huna."

"Nimebaki na wewe tu."

Mwende alilikaza kopo kifuani.

"Na bado nakutaka," Zein akasema. "Hivyo hivyo. Naogopa, lakini nakutaka. Kama Sachie hapendi, atanisamehe au asinisamehe, nitajua mimi na yeye. Nakuomba tena, Mwende. Mara hii naomba mimi."

Hapo ndipo Mwende alipoweka kopo chini na kumshika. Walishikana pale pale mlangoni, mbele ya mpeleka barua aliyevuka barabara kwa heshima, na mbele ya Riyadh aliyejifanya anatafuta kitu chini ya kiti cha gari.

Walipoachana, Zein alifuta uso kwa mkono wa suti.

"Anti Lydia anapenda kunde?" akauliza.

Walizichuma pamoja, majani na maganda, fungu zima, wakalifunga kwa gazeti. Walipomaliza, Zein aliliweka kopo la ua nyuma ya bomba, nje, mahali pake. Kwa mazoea aliinua ndoo na kata ya mbao, akachota, akainyoosha kata juu ya udongo. Kisha akairudisha, akamwaga maji yote kwenye mtaro, akaipindua ndoo juu ya kizingiti na kata juu yake.

*

Anti Lydia aliwapokea kwa uso wa baridi, nao walikuwa wamechelewa saa nzima. Alimwamkua Riyadh kwa adabu, akamwamkua Zein kwa adabu ndogo zaidi. Lakini alipofungua gazeti aliinusa ile mboga, akauliza imetoka dukani au imepandwa. Zein akamwambia imepandwa Kilburn, na akamweleza imepandwaje, bila kuficha kuoza wala machozi. Anti alimsikiliza mpaka mwisho, mkono shavuni. Hakusema ndiyo. Alisema tu kwamba mambo ya mbuzi wa mahari hayazungumzwi na tumbo tupu, akaenda kuzichambua kunde, na kila Mkamba aliyekuwa mle ndani alijua kwamba mambo ya mbuzi hayatajwi kwa posa iliyokataliwa.

Walirudi Kilburn kabla jua halijazama. Siku nzima haikuwa imenyesha. Vumbi lilikuwa juu ya magari. Mama Lila alikuwa hekaluni tangu mchana, madirisha yake yamefungwa. Zein alibaki nyuma kuagana na kaka yake, na Mwende akatangulia kushuka garini peke yake.

Njia ya miguu ilikuwa imelowa.

Ndoo ilikuwa bado imepinduliwa juu ya kizingiti, kavu, na kata iko juu yake kama walivyoiacha. Matone mapana yalianzia hapo, yakapita vyungu kimoja kimoja, yakazunguka ua jekundu bila kuligusa. Yalifika kwenye mpaka wa nambari kumi na sita, yakavuka hatua moja. Hayakukoma. Yaliendelea mbele ya mlango wa Mwende, chini ya dirisha lake, hadi kwenye ukingo wa mwisho wa nyumba, yote, bila kubakiza.

Mwende akavua viatu, akavishika mkononi, na kwa mara ya kwanza hakuyaruka. Maji yalikuwa baridi chini ya nyayo zake.

"Asante, dada," akasema kwa sauti ndogo.

Zein alikuwa anakuja nyuma yake, funguo mkononi, macho yake yako kwake tu.

"Waongea na nani?"

"Na jirani," Mwende akasema, akamshika mkono wakaingia ndani.